Alama Nne za Suluhisho

Kabla sijawa mtu wa kujilaumu nilikuwa mtu wa kulaumu wengine, na nilichowalaumu zaidi ni sentensi zao. Nilifundisha Kiswahili katika shule moja kwenye kilima cha Manga, gredi ya saba hadi ya tisa, na kalamu yangu nyekundu iliogopwa kuliko fimbo, maana fimbo imepigwa marufuku lakini kalamu bado. Mtoto akiandika "kitabu yangu" nilimzungushia duara. Akirudia, nilimsimamisha aniambie kitabu kiko katika ngeli gani, na darasa zima lilisubiri mpaka apate. Walimu wenzangu walinitania kwamba nasahihisha hata matangazo ya mazishi. Si uongo, niliwahi kulisahihisha moja lililobandikwa kwenye lango la shule.

Natoka upande wa ziwa. Kiswahili kwangu ni lugha ya tatu, nilikipata kwa shida na viboko, na aliyekipata kitu kwa shida huwa na choyo nacho. Wanafunzi wangu nao, nyumbani kwao ni Ekegusii tangu kuamka hadi kulala. Kiswahili walikivaa pamoja na sweta ya shule na kukivua pamoja nayo. Nililijua hilo vizuri, na bado nilikasirika kila siku kana kwamba wananifanyia makusudi.

Haya ninayoyasimulia yalitokea muhula wa pili, katika wiki za marudio ya gredi ya tisa. Nilikuwa nimepanga kurudia mambo mawili, vipengele vya insha ya masimulizi na sarufi ya sentensi. Siku ya kwanza niliwapa insha waandike, nione tulipo. Walikuwa thelathini na wanane. Zaidi ya ishirini kati yao waliamka siku ambayo jua lilichomoza kwa madaha na ndege wakaimba. Wakapiga mswaki, wakanywa chai kwa mkate uliopakwa siagi, wakavamiwa na majambazi wenye bunduki, na polisi wakafika kwa wakati. Manga, ambako gari la polisi likipita watoto hutoka nje kulitazama. Insha ile walikuwa wameimeza tangu gredi ya nne, nao waliowafundisha walikuwa wameimeza kabla yao.

Nilipandwa na hasira. Kesho yake niliingia darasani nikayatupa madaftari mezani, nikawaambia kuanzia siku hiyo ni marufuku mtu kuandika jambo ambalo hajaliona kwa macho yake mwenyewe. Kama hujawahi kuona jambazi, usimwandike jambazi. Andika kuku wenu. Kisha nikageukia ubao nikaandika vipengele vitano, kila kimoja alama nne: wahusika, mandhari, mgogoro, kilele, suluhisho. Nikawaeleza kwamba hadithi isiyo na suluhisho ni nyumba isiyo na paa, na mimi sitampa alama mtu anayenikaribisha kwake kisha ananiacha ninyeshewe. Walicheka sana. Nami nikatoka nimejipenda, nikijua nimefundisha somo zuri.

Kulikuwa na msichana mmoja darasani humo, wa miaka kumi na minne, mrefu, aliyekaa upande wa dirisha na kuandika huku daftari limelala ubavu. Hakuwa wa kwanza wala wa pili. Ngeli zilimtesa kama zilivyowatesa wengine. Lakini alikuwa na jicho, na jicho halifundishwi. Mwalimu akilikuta kwa mtoto anapaswa kushukuru na kunyamaza. Mimi sikunyamaza.

Insha yake ilikuwa ya kurasa mbili na nusu. Alisimulia Sabato moja ya mvua za masika, alipobaki nyumbani kwa sababu ya mguu uliovimba. Huku Sabato ni Jumamosi, na kwenye kilima kile, ikifika saa nne asubuhi, waliobaki majumbani ni kuku na wagonjwa. Alikuwa amelazwa kwenye kochi karibu na dirisha linalotazama shamba. Upande wa chini wa shamba lao kulikuwa na shamba la mama yake mdogo, mjane wa ndugu mdogo wa babake, na katikati ulipita mstari wa mimea ya mpaka, ile yenye majani marefu ambayo hupandwa mbele ya mashahidi na haiguswi tena. Aliandika kwamba mimea iling'olewa mmoja mmoja, pamoja na mizizi na udongo wake, ikapandwa upya hatua moja kuteremka, ndani ya nyasi za ng'ombe wa mama mdogo. Udongo ulikanyagwa kwa kisigino. Mvua ilikuja ikafuta nyayo. Jembe lilioshwa kwa maji ya mvua, likakaushwa kwa gunia, likarudishwa ukutani kabla watu hawajatoka kanisani. Muda wote huo wimbo wa kanisa uliimbwa kwa sauti ndogo, ubeti wa kwanza na wa tatu, wa pili ukirukwa.

Ilimalizika hivi, nakumbuka kila neno: "Mama mdogo alitoka kanisa akapitia kwetu kutusalimia. Alisema hii mvua ni baraka. Alijibiwa ndiyo, ni baraka."

Katika kurasa zote mbili na nusu, ukiacha mama mdogo, hakukuwa na mtu. Mimea iling'olewa, mashimo yalichimbwa, jembe lilioshwa, mtu alijibiwa. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimerudia kiima na kiarifu, nikisisitiza kwamba sentensi isiyojulikana ni ya nani ni sentensi inayojificha. Nikazungushia duara kila tendo, nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: "Na nani? Mtaje." Nikamwagiza ainakili upya.

Nakala ya pili ililetwa kesho yake asubuhi. "Baba aling'oa mmea ya kwanza." Baba alichimba, baba alikanyaga udongo, baba aliosha jembe. Baba alijibu ndiyo, ni baraka. Nilizungushia duara "mmea ya" nikaendelea mbele.

Naomba niseme wazi: nilijua. Mwalimu yeyote aliyesahihisha insha mia moja anajua. Mtoto hubuni jambazi, hubuni hata kifo cha nyanya yake ambaye yuko hai anapalilia mahindi, lakini habuni ubeti uliorukwa. Nilijua kwamba nimeshika mkononi jambo lililotokea katika boma la watu, na nikaendelea kusahihisha kwa sababu insha ilikuwa nzuri na nilijiona mimi ndiye niliyeifukua. Nilimpa kumi na sita kwa ishirini. Chini nikaandika tarehe, kama ilivyo desturi yangu, na maneno haya: "Msuko safi sana. Suluhisho liko wapi? Kamilisha."

Alikuja ofisi ya walimu wakati wa chai, akasimama mlangoni mpaka nilipomwita.

"Mwalimu, hii hadithi haijaisha," akasema.

"Ndiyo maana nimekata alama nne. Imalize."

"Lakini sijaona vile inaisha."

Wenzangu walikuwa wanasikiliza huku wakikoroga chai. Ningeweza kumwambia abuni tu. Ilikuwa sentensi moja. Lakini kubuni nilikupiga marufuku mbele ya watu thelathini na wanane, na mimi si mtu wa kulamba matapishi yangu mbele ya ofisi nzima.

"Basi nenda ukaione," nikamwambia.

Akasema sawa, mwalimu. Daftari aliniachia, kwa sababu lilikuwa na zoezi la sentensi changamano ambalo sikuwa nimelisahihisha. Wenzangu walicheka kidogo, nami nikacheka nao, kisha nikamalizia chai yangu.

Sasa, mgeni kama mimi huchukua muda kuelewa mashamba ya huku. Nyumbani kwetu, upande wa ziwa, mtu anaweza kukuonyesha shamba lake kwa kunyoosha mkono. Hapa hulionyesha kwa kidole. Babu aligawia wana, wana wakagawia wana wao, mpaka shamba limekuwa utepe unaoteremka kutoka barabarani hadi mtoni, upana wake ukitosha nyumba, migomba kidogo, mistari ya chai na nyasi za ng'ombe mmoja, na utepe wenyewe hukatwa tena, ndugu mmoja juu na mwenzake chini. Kwenye utepe kama huo hatua moja si hatua. Ni mboga za mwaka. Na kusogeza mimea ya mpaka si wizi wa kawaida ambao watu huuzungumza sokoni wakicheka. Ni jambo ambalo mtu hulisema akiwa amekaa chini, kwa sauti ya chini. Hayo yote nilielezwa baadaye na mwalimu wa Hisabati, mzaliwa wa kilima kilekile, ambaye pia ndiye aliyenieleza kilichofuata.

Sabato iliyofuata msichana alienda kanisani. Baada ya ibada, watu wakiwa uani wanasalimiana, alimwendea mama yake mdogo akamwambia kila kitu alichokiona. Alimwambia taratibu, akiwa amesimama wima, vile watoto husimama wakijibu swali darasani. Mama mdogo hakupiga kelele. Alirudi nyumbani bado amevaa nguo za kanisa, akapima nyasi zake kwa miguu kutoka kwenye mgomba mmoja wa zamani hadi mpakani, akapima tena. Tangu masika alikuwa akijiuliza kwa nini nyasi hazimtoshi ng'ombe. Jumatatu alikwenda kwa naibu wa chifu.

Jumanne mwalimu mkuu aliniita. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Aliniuliza kama ni kweli kuna insha. Nikasema ipo. Akaniuliza kama ninajua baba wa mtoto huyo ni nani, na akanijibu mwenyewe kabla sijafungua kinywa: mjumbe wa bodi ya shule, mtu wa kuheshimiwa kanisani, na mmoja wa wale wanaokaa kikao cha kuamua mikataba ya walimu ambao bado hawajaajiriwa na serikali. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa muhula. Mwalimu mkuu hakunitisha hata kidogo. Alisema kwa upole kwamba shule ni mgeni kwenye kilima, na mgeni haingii kwenye mashamba ya watu.

Usingizi ulinipaa siku hizo. Nilijaribu kujiambia kwamba hakuna atakayeniita, kwamba wazee watamaliza mambo yao kwa lugha yao. Alhamisi ujumbe ukaja: naibu wa chifu anamtaka mwalimu wa Kiswahili afike mpakani saa kumi, na daftari.

Nilitembea hadi huko kwa njia ya mguu inayoshuka kando ya migomba, daftari likiwa kwenye mkoba. Wazee watano walikuwa wamekalia viti vya plastiki vilivyowekwa kwenye nyasi. Naibu wa chifu alisimama. Mama mdogo alikuwa amevaa viatu vya mpira, mikono ameifunga kifuani. Baba wa mtoto alisimama peke yake upande wa juu, mwanamume mrefu, mpole wa uso, na aliponiona alinisalimia kwa heshima zote akaniuliza hali ya darasa. Msichana alikuwa katikati, na yunifomu yake. Nilimwona ananiona, na uso wake ukalegea. Nilikuwa nimefika. Hakuna aliyewahi kufurahi kuniona hivyo, kabla ya siku ile wala baada yake.

Waliongea Ekegusii. Nilishika kama theluthi. Nilisikia jina la Mungu, ambalo kwao na kwetu linakaribiana, likitajwa na pande zote. Msichana aliulizwa akasimulia, na ingawa maneno yalinipita nilijua alipofika kila mara, kwa sababu mkono wake ulionyesha: dirisha, jembe, kisigino, gunia. Alipomaliza, mzee mmoja akamuuliza jambo kwa ukali. Msichana akanigeukia na kujibu kwa Kiswahili, nadhani ili nielewe.

"Mwalimu anajua. Niliandika kabla ya haya maneno yote. Iko na tarehe."

Baba yake akatabasamu, kama mtu anayemwonea mtoto huruma. Akauliza kama si kweli kwamba shuleni siku hizi watoto wanafundishwa kutunga hadithi, na anayetunga vizuri ndiye anapewa alama. Wazee wakageuka kuniangalia. Naibu wa chifu naye akanigeukia.

"Mwalimu, wewe ndio uko na hiyo kitabu. Hiyo maneno mtoto ameandika, ni kitu aliona ama ni kitu alitunga?"

Nakumbuka, na naona aibu kukumbuka, kwamba akili yangu ilirukia kwanza "hiyo kitabu." Nafikiri ilikuwa inatafuta mahali pa kujificha. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, na tarehe iliandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, siku kadhaa kabla mama mdogo hajaambiwa chochote. Nilichohitaji ni kufungua zipu. Nilifikiria chumba changu cha kupanga, kikao cha bodi, na miaka niliyongoja kuajiriwa. Nilifikiria pia, na hili halinipunguzii kitu, kwamba mimi si mtu wa hapa.

"Insha ni kazi ya kubuni," nikasema. "Watoto hubuni."

Kwa silabasi, sikudanganya. Naibu wa chifu aliyatafsiri maneno yangu kwa Ekegusii, kwa sentensi fupi zaidi kuliko zangu. Wazee wakanong'ona. Msichana hakulia. Aliniangalia tu, akingoja niendelee, maana alinizoea: huwa sisemi sentensi mbili nikanyamaza. Alingoja mpaka mzee wa kwanza alipoanza kuzungumza, kisha akatazama chini.

Uamuzi ulikuwa kwamba mpaka uko pale ulipo, na kwamba mtoto afundishwe adabu. Mama mdogo hakubishana. Watu walipoanza kutawanyika alinijia, akanipa mkono, akanishukuru kwa kuacha kazi zangu na kufika. Mkono wake ulikuwa na mikwaruzo ya nyasi. Nilimwambia hakuna shida.

Jumatatu dawati la dirishani lilikuwa tupu. Jumanne pia. Mwalimu wa Hisabati akaniambia kwamba msichana ametolewa shuleni, amepelekwa Tabaka kwa shangazi yake, dada ya baba, ambaye familia yake huchonga mawe. Gredi ya tisa, miezi michache kabla ya mtihani wa taifa. Nilisahihisha insha za wengine. Sasa walikuwa wanaandika vizuri, kuku na ng'ombe na mvua za kweli, na kila insha ilikuwa na suluhisho, na mimi sikuweza kusoma hata moja bila kutazama dawati la dirishani.

Mkataba wangu uliongezwa. Siku ya kikao cha bodi nilimvizia baba wa msichana akitoka, karibu na tangi la maji. Nilimwambia mtoto ana kipaji, ni hasara kumwondoa shuleni wakati huu, nikamuuliza atarudi lini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaangalia huku na huku na kunisogelea.

"Mwalimu, mimi sina neno na wewe," akasema. "Ulisaidia. Lakini siwezi kula meza moja na mtu ananiandika."

Hakusema ananisingizia. Alisema ananiandika. Mimi na yeye tulitazamana, watu wawili wanaojua jambo moja, na mimi ndiye niliyeinamisha kichwa. Alinitakia jioni njema na kushuka zake.

Nilikaa na hilo wiki tatu. Si wiki za kuigwa. Nilikuwa mkali darasani bila sababu, nikamfokea mtoto wa gredi ya saba kwa koma, na jioni nilichemsha chinsaga nikaziacha zipoe zikiwa zimeshikana chunguni, mboga ambazo tangu nije huku ndizo nilizozipenda kuliko zote. Mwishowe nilifanya uamuzi. Shule zilipofungwa mwezi wa nane nililitia daftari kwenye mkoba, nikaenda Tabaka. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Nitamwomba msamaha mtoto kwanza, maana yeye ndiye niliyemkosea. Kisha nitarudi moja kwa moja kwa naibu wa chifu, nifungue ukurasa, nimwonyeshe tarehe, niseme mtoto aliona na mimi nilijua. Mkataba na uende.

Boma la shangazi halikuwa gumu kupata. Kutoka mbali unasikia msumeno na mapanga madogo yakikwangua jiwe. Wanaume walikuwa chini ya kibanda cha mabati wakichonga, na wanawake na wasichana walikuwa uani, kila mmoja na beseni lake, wakisugua kazi zilizochongwa kwa msasa ndani ya maji hadi zilainike. Kila kitu kilikuwa na vumbi jeupe, hata majani ya migomba. Msichana alikuwa miongoni mwao. Alikuwa anasugua viboko wadogo wa mawe, wanyama wa kuuzia watalii, na pembeni yake walikuwa wamepangwa kama ishirini wakisubiri, bado wana alama za kisu.

Aliponiona alisimama, akajifuta mikono kwenye sketi, akanipa mkono huku mwingine umeshika kiwiko, kama wanavyosalimu wakubwa. Akaniletea kigoda. Akakipangusa kwanza. Shangazi yake alitusogelea, akanisalimu, akafurahi kwamba mwalimu amekuja kumjulia hali mtoto, akaingia ndani kuchemsha chai. Tulibaki sisi wawili na beseni.

Nikamwomba msamaha. Nilisema nilimkosea pale mpakani, kwamba niliogopa, kwamba yeye alisema kweli na mimi nilijua ni kweli, na kosa ni langu tangu mwanzo, tangu siku ile ya chai. Sikuwahi kumwomba mwanafunzi msamaha na sikujua unaomba ukiangalia wapi. Niliangalia maji. Yalikuwa mazito, rangi ya uji.

"Ni sawa, mwalimu," akasema.

Nikamwambia si sawa. Nikatoa daftari kwenye mkoba nikamwonyesha, nikamweleza ninakokwenda nikitoka hapo, na nitakachosema. Nilisema mama mdogo atarudishiwa mpaka wake, na hakuna atakayemwita yeye mwongo tena. Nilikuwa naongea haraka, na nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Yeye aliacha kusugua. Akatazama mlango wa nyumba, kisha akanitazama.

"Usipeleke, mwalimu."

Nilimuuliza kwa nini.

"Baba alikuja juzi na wazee wawili. Alisema ninaweza kurudi nyumbani, na nifanyie mtihani yangu huko na wenzangu, kama nitasema mbele yao."

"Useme nini?"

Alichukua kiboko mwingine, akamtumbukiza majini, akamgeuza tumbo juu.

"Nilishasema," akasema.

Sauti za msumeno ziliendelea kibandani. Nilikuwa bado nimeshika daftari mbele yangu kwa mikono miwili. Nikitaka kulipeleka sasa, nitakuwa nampeleka yeye. Wazee walewale watamuuliza ni lini alidanganya, mara ya kwanza au ya pili, na mlango wa kwao utafungwa tena, safari hii bila wa kuufungua. Nisipolipeleka, mama mdogo atakata nyasi zake upande wa chini wa mimea ile maisha yake yote. Nilimuuliza kuhusu mama mdogo, kama amemsikia. Akatikisa kichwa. Akasema tu kwamba atarudi nyumbani Jumapili, na mama yake amemtandikia kitanda.

Shangazi alikuwa anakuja na chai. Niliharakisha kuuliza, na mpaka leo sijui kwa nini nilihitaji kujua. Labda ni tabia ya kazi, kutaka kusikia sentensi yenyewe. Nilimuuliza aliwaambia nini hasa wale wazee.

"Nilisema vile wewe ulisema, mwalimu," akajibu. "Nilisema ilikuwa insha."